Aliyekwenda Karamuni na Karoti Zake

Sisi majirani wa Lisekese tulianza kumcheka Christopher siku alipomwambia mkewe asimwinjikie tena chungu. Alikuwa mpima mizani katika ghala la ushirika, mtu wa kalamu sikioni na sauti ya juu, hadi biashara ya korosho ilipoachwa huru, wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao. Alirudi nyumbani bila kazi, na vidonda vya tumbo. Dawa za hospitali zilimtuliza kidogo, kisha maumivu yakarudi. Ndipo siku ya gulio, Masasi mjini, akamsikia bwana mmoja kutoka Dar es Salaam aliyesimama juu ya kreti ya soda na kipaza sauti cha betri.

“Moto ndio unaoua chakula!” alinadi yule bwana. “Nani amewahi kumwona mbuzi mwenye vidonda vya tumbo?”

Hakuna aliyewahi. Christopher akarudi ameelewa kila kitu. Alituambia kwamba korosho ikikaangwa uzito hupungua, ameona mwenyewe kwenye mizani, sasa kilichopungua kimekwenda wapi kama si uhai wake? Sisi tukaendelea kucheka. Akawa anakula papai, nazi, karanga mbichi, kabeji iliyokatwakatwa na kukamuliwa ndimu, na choroko alizoloweka mpaka zikachipua. Muhogo alitafuna ule mtamu tu. Mchungu hakuugusa, maana hata mtoto wa kwetu anajua kuwa huo usipoanikwa ukawa makopa utakulaza kitandani. Mkewe Agatha alisema aliolewa na mtu, sasa ameachiwa mbuzi.

Lakini tumbo lilitulia, siwezi kumnyima hilo. Uso ukajaa, asubuhi akaanza tena kupiga mluzi. Ni kweli kwamba siku hizohizo aliacha na uraka, pombe ya mabibo aliyoipenda kuliko ndugu zake, ila hakupenda kukumbushwa. Sifa zote aliipa kabeji.

Huko Newala alikuwa na dada yake mkubwa, Severina, mjane ambaye watu humwita Mama Anthony. Mama yao alifariki Christopher akiwa hajamaliza kuota meno, na Severina ndiye aliyemkorogea uji na kumlisha. Hata enzi za ushirika, msimu wa korosho ulipompeleka Newala, Christopher alilala na kula kwa dada yake. Severina alikuwa mpishi wa karamu. Harusi, ubatizo, msiba, lazima aitwe yeye, na sufuria zake kubwa ndizo zilizomlisha na kumpa heshima upande ule wa mji.

Mjukuu wa Severina alipotoka jandoni, Christopher alialikwa kama babu, akaketishwa mbele pamoja na wazee. Severina mwenyewe akamletea sahani: ugali wa muhogo, kisamvu kilichoungwa kwa korosho, na paja la kuku. Christopher akaisogeza pembeni. Akafungua mkoba wake, akatoa karoti, kisu chake na chupa ya maji aliyokuja nayo kutoka Lisekese. Watu waliokuwa wakitafuna waliacha kutafuna.

“Mwenetu,” aliuliza Mzee Marko, mkubwa wa shughuli, “chakula cha dada yako kina nini?”

Hapo angeweza kusema ana vidonda vya tumbo, mambo yakaisha. Lakini mtu aliyepona huona raha kuulizwa. Akajibu kwa sauti ileile ya ghalani:

“Tumbo langu linajua. Tangu niache kula hiki, nimepona.”

Akaing'ata karoti. Nikiifikiria karoti ile hasira inanipanda mpaka leo. Kwetu, ukikataa chungu cha ndugu yako hadharani, ukaja na kisu chako na maji yako, umekwisha kusema kwamba humo mna sumu au uchawi. Waliobaki watachagua wenyewe kati ya hivyo viwili. Mwenyewe alikuwa mtoto wa hukohuko, na alisahau kwa sababu siku zile hakuwa anafikiria kitu kingine ila tumbo lake. Severina aliichukua sahani, akarudi nayo jikoni.

Msimu mmoja ulipita. Siku moja Nikolao, mnunuzi wa korosho wa Newala, alimkuta Christopher barabarani akamshika mkono kwa mikono miwili.

“Baba Oliva, tunakushukuru sana. Umetufumbua macho. Sisi tulikuwa tunakula tu kwa yule mama.”

“Mama yupi?”

“Dada yako. Tumbo lilikuharibikia ukila kwake, umeacha umepona. Nani sasa atamwita apike? Hata maji watu hawanywi pale.”

Christopher alirudi nyumbani akakaa barazani na papai lake mapajani hadi nzi wakalijaa. Agatha alipomuuliza, alisema, “Nimemuua dada yangu, Mama Oliva. Nimemuua kwa mdomo huu huu alioulisha.” Tulimwona akilia, na siku hiyo hakuna jirani aliyecheka. Kesho yake alipanda lori la Newala.

Alikuta uani sufuria kubwa kuliko zote imewekewa majani makavu, na kuku analalia mayai ndani yake. Severina alikuwa akipepeta kunde.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Karibu. Papai lipo, nimekuwekea. Nimeliosha kwa maji ya kununua.”

Christopher akapiga magoti kwenye pumba. “Dada, nimekosa. Nisamehe.”

“Kutokula kwako hakukuniudhi,” alisema Severina. “Mgonjwa ana mwiko wake. Ungeniambia mapema, ningekumenyea karoti mimi mwenyewe, tukazileta pamoja. Wewe umeniacha nimeshika sahani mbele ya watu.”

“Nipikie. Jumapili, hapa nje, wakitoka kanisani. Wanione.”

“Tumbo lako limesahau moto. Ukianguka hapa mbele yao je? Si watakuwa wameuona ushahidi kwa macho?”

“Sitaanguka.”

Alikataa, akabembelezwa, akakataa tena. Jumapili akamhamisha kuku, akasugua sufuria kwa mchanga na maji kidogo yaliyobaki kwenye pipa. Watu walipotoka misa, walimkuta Christopher ameketi kwenye mkeka kando ya njia, sahani iko mbele yake, na anawakaribisha kwa majina. Wakasimama. Mzee Marko naye akasimama, ameegemea fimbo yake.

“Nilikuwa na vidonda vya tumbo,” Christopher alisema, na safari hii hakupaza sauti. “Chakula cha dada yangu hakikuniumiza kamwe. Mimi ndiye niliyemuumiza yeye.”

Akala. Ugali wa moto na kisamvu chenye pilipili viliteremka, na kabla hajafika nusu ya sahani tumbo lilianza kumkata kama zamani. Jasho lilimtoka puani. Aliendelea kumega, kutowelea, kumeza na kutabasamu, huku mkono wa kushoto umeshika mkeka. Akasifu chumvi. Mama mmoja alisogea hatua moja, akasita. Christopher akanyanyua sahani ili aombe nyongeza.

Severina alikuwa amesimama mlangoni muda wote, na jasho lile aliliona. Akaja, akanawa mikono, akaketi pembeni yake na kuirudisha sahani chini. Watu walimwona dada na mdogo wake wakila sahani moja, na Mzee Marko akauliza kama kuna maji ya kunawa. Hawakuona kwamba mkono wa Severina ulikuwa ukienda upesi upesi upande wa Christopher, ukimega matonge makubwa ili yeye abakiwe na madogo.

“Kula polepole,” alimnong'oneza. “Mengine niachie mimi.”