Zubaida na Korongo wa Utotoni

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Ni ukindu unavutwa gizani, kabla ya adhana ya alfajiri. Magereji ya mtaa wa Kisenyi bado yamelala. Zubaida Marjan ameketi mkekani, waya wa simu sikioni, anasuka kawa la kufunikia chakula kama alivyofundishwa na mama yake, Mnubi wa Bombo. Hajawasha taa. Vidole vinajua njia.

Sikioni mwake mwanamke anasoma, polepole, habari za korongo mdogo aliyeliacha bwawa la kwao akaenda kuitafuta mvua.

"Hiki kitabu nilikisoma utotoni mpaka kikalegea," Zubaida huwaambia wateja wake. "Lakini kile cha shuleni kilichanika nyuma. Mwisho hakuna! Nikakua hivyo hivyo, sijui korongo kafika wapi."

Basi Zubaida akamtungia binti yake Nabilah, mwenye miaka sita, mwisho wake mwenyewe: korongo anarudi na mvua mgongoni, mama yake amemwekea samaki. Tangu baba, Akram, aende Juba na lori, Nabilah halali bila kuusikia.

Mwezi uliopita Aloyo, mkutubi wa maktaba ya mtaa, alimwonyesha Zubaida jinsi ya kuazima vitabu vya kusikiliza na kuvipakua kwenye simu. Katika orodha akamwona korongo wake. Alipiga kelele, watu wakageuka.

Amesikiliza chote, isipokuwa sura ya mwisho. Akifika hapo, anazima.

"Kama hakurudi je?" hujiuliza. "Huyu mtoto nitamwambia nini?"

Leo muda wa kuazima unakwisha, na kitabu kitajifuta chenyewe.

Makawa nayo yanamsema. Hadithi ikipamba moto, mstari mwekundu unapitiliza pale ulipopaswa kukoma. Atoo, mteja wake wa Ntinda, aliligeuza moja huku na huku.

"Nyabo, bibie, hili kawa limelewa?"

"Halijalewa. Hapo korongo alikuwa anavuka mto."

Atoo alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaagiza la pili, na kosa lake lile lile.

Adhana inapita, dirisha linaanza kuwa la kijivu. Nabilah ameamka, ameweka kichwa mapajani mwa mama. Zubaida anachomoa waya, na sauti inajaa chumbani.

Korongo anaipata mvua. Anajenga kiota huko huko. Harudi.

Ukindu umetulia mikononi mwa Zubaida.

Aloyo amekwisha kumwahidi: siku akiwa tayari, atamrekodi maktabani akisimulia hadithi hii kwa namna yake, iwekwe pamoja na vitabu vingine, yeyote aipakue. "Nilikuwa naona haya," Zubaida anamwambia Nabilah kwa sauti ya chini. "Lakini natamani Akram aisikie akiwa barabarani."

Nabilah anamtazama.

"Mama, mtumie Baba ile ya kwako."