Mkanda Uliotwishwa Upepo

Siku moja naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na mama yenu akinisikia atanuna. Nilikuwa nimesimama katikati ya pori la miyombo, ng'ambo ya Usinge, nimeshika mkanda wa injini uliokatika, na nyuma ya gari alikuwamo mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Nimeikumbuka tena kwa sababu ya swali lako la juzi. Unasema umepata gari la kufuata asali porini, unataka kulifungia mtambo wake wa kujaza upepo kwenye tairi, ukaniuliza upi unajaza haraka zaidi. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi kabla hujazaliwa. Basi nisikilize, wala usitazame saa.

Zilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa. Watu walikuwa wametolewa kwenye mashamba yao ya mbalimbali, wakapangwa kwenye mistari ya nyumba mpya, na zahanati zilikuwa bado hazijawafikia wote. Mimi nilikuwa dereva wa Landrova ya afya pale Tabora. Nilipeleka chanjo, nilileta wagonjwa, na nilijiona mtu muhimu kuliko nilivyokuwa. Njia yetu ya magharibi ilikuwa karibu ileile waliyoipita wapagazi wa misafara kwenda Ujiji, na ina hila zake mpaka leo. Ukifika kwenye mchanga au kwenye tope jeusi la mbuga, unapunguza upepo ili tairi zitanuke zisizame. Ukishavuka huna budi kuzijaza tena, maana mbele kuna visiki, na tairi laini ikikutana na kisiki cha myombo, tyubu haiponi. Kujaza tairi nne kwa pampu ya mkono, juani, mbung'o wakikung'ata shingoni, ni kazi ya kumkumbusha mtu mzima mama yake.

Bwana mkubwa wa karakana aliniita akaniambia nichague kitu cha kunipunguzia taabu hiyo. Kulikuwa na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kipampu cha plagi, kidogo tu, unaweza kukitia mfukoni mwa koti. Unafungua plagi moja ya injini, unakikaza mahali pake, injini inanguruma kwa silinda zilizobaki, na mapigo ya ile moja yanasukuma upepo kwenye tairi. Kilikuwa kinajaza polepole, tairi moja mpaka upate usingizi. Cha pili kilikuwa kompresa kubwa iliyotolewa kwenye lori bovu, pamoja na tangi lake. Hiyo ilikuwa inajaza tairi nne kabla chai haijapoa.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Feruzi, mtu wa mtaa wa Kanyenye hapo mjini, ambaye kofia yake ilibaki nyeupe hata alipokuwa chini ya gari, na sikupata kujua siri yake. Alikigeuzageuza kile kipampu mkononi, akaniambia, "Luhende, chukua hiki. Kikifa, kinafia peke yake."

Nikacheka. Mtu wa miaka ishirini na minne anachagua kitu kwa namna kitakavyokufa? Nikachukua kompresa.

Ilihitaji kuzungushwa na injini, na puli ya injini, lile gurudumu la kuzungushia mkanda, ilikuwa na mfereji mmoja tu. Mzee Feruzi akasema nisubiri wiki mbili achonge puli ya pili, ili kompresa iwe na mkanda wake yenyewe. Wiki mbili! Mimi nilitaka watu wa mjini waione Ijumaa. Nikamtafuta fundi mwingine, kijana kama mimi, tukapata mkanda mrefu, tukauzungusha kote: kwenye feni, kwenye pampu ya maji ya injini, kwenye dainamo, na kwenye kompresa yangu. Mkanda mmoja ukafanya kazi zote. Tukapeana mikono kwa werevu wetu.

Mzee alipoliona gari hakufoka. Aliinama, akaugusa ule mkanda kwa kidole, akasema, "Baba yangu alikuwa mpagazi. Alituambia kwamba mnyapara wao hakukubali mtu aliyejitwisha pembe ya ndovu abebe na kibuyu cha maji ya wenzake. Akianguka, mmepoteza vyote viwili. Huu mkanda ndio unaoipa injini maji, Luhende. Wewe umeutwisha na upepo."

Nikamjibu, na aibu ya jibu hilo ninayo hadi leo: "Mzee, hayo ni mambo ya watu wa miguu. Siku hizi tuna uhuru na tuna mashine."

Aliinuka. Akaenda kunawa mikono, saa ya sala ilikuwa imefika.

Wiki ile nilizunguka Kanyenye nikijaza baiskeli za watu bure, hata zilizokuwa na upepo tayari. Nikibonyeza, tangi linapiga *pshiii*, wanawake wanaruka, wanaume wanasogea kuuliza. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe lenyewe nilikuwa mimi. Ule mkanda wa zamani, mfupi, niliutundika kwenye msumari karakana kwa kuwa haukutosha tena kwenye gari langu jipya. Pampu ya mkono nikampa mtu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini mimi niliacha vyote viwili, mkanda na pampu, nikafunga mlango nikifurahi.

Miezi mitatu mambo yalikwenda vizuri. Nakwambia hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo linalodanganya. Kitu kibaya kingeharibika siku ya kwanza tungekiacha.

Kisha ikaja habari kutoka kijiji kimoja cha ng'ambo ya Usinge: mama mmoja uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake, na mtoto hashuki. Nilikuwa nimelala Kaliua na nesi Paulina, Mkatoliki wa Itetemia, mwanamke wa maneno machache. Tukaondoka alfajiri. Mvua zilikuwa zinaishia. Tukapunguza upepo, tukavuka mbuga, nikajaza tairi zote kwa dakika chache, nikamtazama nesi anisifu. Hakunisifu.

Mama yule aliitwa Nyanzala, na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mumewe, Maganga, alimbeba kutoka ndani kama mtu abebaye maji yaliyojaa hadi ukingoni. Nesi akampima, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mtoto bado mzima. Tukifika hospitali kabla ya adhuhuri, tutawapata wote wawili."

Tukarudi mbugani, tukapunguza upepo, tukavuka salama. Nikawasha kompresa. Tairi ya kwanza ikajaa, ya pili ikajaa. Kwenye ya tatu nikasikia mlio kama wa bawaba kavu, halafu harufu ya mpira unaoungua. Nilipofunua boneti, kompresa ilikuwa imekaza haizunguki. Nilikuwa nimeifunga chini, karibu na gurudumu, ikala vumbi na tope kwa miezi mitatu, wala hatukuiwekea chujio. Ilipokaza, mkanda ukasuguana nayo ukaungua, ukakatika. Na ulipokatika ukaondoka na feni, ukaondoka na maji ya injini, injini ikakosa cha kuipoza.

Nesi akashuka. "Luhende, huna mkanda mwingine?"

"Upo, sista. Uko Tabora."

"Uko Tabora unafanya nini?"

Nikamwambia umening'inia kwenye msumari. Ule mkanda mfupi, mwanangu, ndio uliokuwa dawa. Ungeruka ile kompresa, ungezungusha feni na maji, tungeondoka baada ya robo saa na tairi mbili laini, polepole, tukivikwepa visiki. Nesi alinitazama, kisha akarudi kwa mgonjwa. Angenitukana ningeshukuru.

Maganga ndiye aliyetafuta njia. Aliingia porini na panga, akarudi na magome ya myombo, yale wanayotengenezea mizinga na kamba, akasokota kamba pale pale akiwa amepiga magoti. Tukaifunga mahali pa mkanda. Ikashika mwendo wa kutoka hapa hadi stesheni, ikakatika. Akasokota nyingine. Injini ikichemka tunasimama, tunasubiri ipoe, tunaimwagia maji ya kunywa, tunaondoka. Kila tuliposimama nilimsikia Nyanzala. Mwanzo alikuwa akilia kwa nguvu, akimwita mama yake, "Mayu, mayu." Baadaye sauti ikapungua. Nilitamani alie tena kwa nguvu.

Tulifika hospitali alasiri, jua limeshaanza kushuka. Daktari alimwokoa mama. Mtoto, wa kiume, alitoka kimya akabaki kimya.

Maganga alitoka nje akanikuta nimeegemea gari. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa zile kamba. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akasema, "Ahsante, ndugu dereva. Umehangaika sana na sisi. Ni kazi ya Mungu."

Nami nikasema, "Pole, ndugu. Ni kazi ya Mungu."

Hapo ndipo nilipokosea zaidi. La mkanda lilikuwa kosa la ujinga, na ujinga una dawa. Lakini pale nilijua, nikamsingizia Mungu.

Niliporudi Tabora nilimweleza Mzee Feruzi yote. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniacha niseme hadi mwisho. Nilidhani ataniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na nilikuwa nimejiandaa. Aliniuliza neno moja tu.

"Umewaambia?"

"Nani, mzee?"

"Wenye mtoto."

Nikatikisa kichwa. Akasema, "Umepokea shukrani ya mtu juu ya maiti ya mwanawe. Irudishe."

Akaing'oa kompresa kwa mikono yake mwenyewe, akaushusha mkanda mfupi kutoka msumarini akaurudisha mahali pake, akaukagua mara mbili. Akaniwekea kile kipampu cha plagi kwenye kisanduku chini ya kiti, na juu yake mkanda wa akiba. Kisha akafunga boneti. "Gari limekwisha," akasema. "Umebaki wewe."

Nilikwenda baada ya wiki kadhaa, nilipopata safari ya chanjo ya upande ule, nikamwomba nesi Paulina tuanzie kijiji chao. Niliwakuta nje ya nyumba. Nyanzala alikuwa amekaa kwenye mkeka akibangua karanga, amekonda, macho makubwa. Maganga alinipa kigoda. Nikakataa kukaa. Nikawaambia: kompresa niliichagua mimi kwa majivuno, mkanda niliufunga mimi nikiwa nimekatazwa, na mkanda uliotufaa niliuacha msumarini. Nikasema, "Haikuwa kazi ya Mungu. Ilikuwa yangu."

Maganga akainuka. Nikadhani atanipiga, na nisingejikinga. Akazunguka nyuma ya nyumba, na muda wote niliokuwa pale hakurudi.

Nyanzala aliendelea kubangua. Nilizihesabu zile karanga zikianguka kwenye ungo kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama. Hatimaye akasema, bila kuinua uso, "Na gari? Umelitengeneza?"

"Ndiyo, mama. Mkanda una kazi yake peke yake, na mwingine uko ndani."

Akaelekeza kwa kidevu nyumba ya tatu kwenye mstari. "Kalunde ana mimba ya miezi minane. Kalione tumbo lake, ujue siku ya kuja."

Nililia pale, mwanangu, mbele ya watu, na sijali ukijua. Nilikwenda kwa Kalunde. Mwezi uliofuata nilikwenda tena kumchukua, nikajaza tairi kwa kile kipampu cha polepole, nesi akinihimiza na mimi nikisubiri, na mtoto wake alizaliwa akipiga kelele za kutosha wawili.

Sasa jibu lako. Mitambo ya leo ni ya umeme na ni mizuri, sikatai. Lakini usianze kwa kuuliza unajaza haraka kiasi gani. Uliza ukifa utaondoka na nini. Upe waya wake kutoka kwenye betri na fyuzi yake wenyewe. Usiuunganishe na taa wala na kitu chochote ambacho bila hicho gari halitembei. Usibabaishwe na namba kubwa ya geji, kile kipimo cha nguvu ya upepo, maana tairi ya gari haihitaji nguvu ya kupasua mwamba. Tazama unatoa upepo mwingi kiasi gani, na unaweza kufanya kazi muda gani kabla ya kuhitaji kupumzika, kisha uupumzishe kweli. Ufunge juu, vumbi na maji visiufikie, na usafishe chujio lake kama unavyosafisha pua ya mtoto mchanga. Na chini ya kiti weka pampu ya mguu. Watakucheka, waache wacheke, huko porini hawatakuwapo.

Hilo ni la gari. La kwako wewe ni hili: ukikosea, sema mwenyewe kabla hujashukuriwa, na ukichelewa, rudi ukaseme. Hakuna anayekuahidi msamaha. Maganga hakunisamehe hadi alipofariki, na ilikuwa haki yake.

Nenda na Mungu, mwanangu. Akulinde na visiki na tope, akupe wazee wa kukukataza na masikio ya kuwasikia, na kila anayekaa kando ya njia akikusubiri, akufikishe kwake angali na sauti.