Dakika Kumi za Kifaransa na Bibi wa Mofu

Mimi nilianguka mtihani wa Kifaransa kwa sababu ya adabu. Anayetaka kucheka na acheke.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nikisoma Kifaransa na tamaduni za nchi zinazokizungumza. Mtihani wa kuzungumza ulikuwa dakika kumi mbele ya mwalimu mgeni, nami nilichagua kueleza jinsi Wasenegali wanavyopika wali kwa samaki. Mtoto wa Kilombero utamwambia nini kuhusu wali na samaki? Nilijiona nimeshafaulu.

Likizo ilipofika nikatoka kwetu Mlabani kwenda Mofu, kumsaidia bibi yangu mzaa mama kuamia ndege kwenye mpunga. Bibi hajui Kifaransa hata cha kuombea maji, lakini alisema yeye ndiye atakayenitahini. Akakaa kwenye kigoda na ungo wake, anachambua mchele huku kanikazia macho. Nilipoanza tu na samaki, akanikatiza.

"Umenisalimia?"

"Shikamoo nimekupa asubuhi, Bibi. Huu ni mtihani."

"Ndiyo umvamie mtu mzima kama mbuzi? Mjulie hali kwanza. Kwao hawajambo? Mvua ipo? Ndege je?"

Basi nikaanza kuhangaika na kamusi. Salamu tulizofundishwa darasani zilikuwa za watu wanaopishana barabarani, wala hazikuwa na ndege waharibifu wala magoti yanayouma. Nikamaliza likizo nzima nikimsalimia Bibi kwa Kifaransa, naye ananijibu kwa Kindamba, taratibu, na nikifupisha ananirudisha mwanzo. Kuhusu Wasenegali alisema neno moja tu, kwamba watu wanaopikia mchele kwenye supu ya samaki wana akili.

Siku ya mtihani nikamkuta mwalimu mgeni, baba wa makamo kutoka Benin, ameweka saa mezani. Nikamsalimu, na ulimi ukashika njia ya Mofu wenyewe. Nyumbani hawajambo? Mvua zimenyesha? Alishangaa kidogo, kisha akajibu. Mama yake yuko kijijini, mguu unamsumbua, na yeye hajamwona muda mrefu. Ningemwachaje hapo? Nikampa pole, nikamweleza habari za Bibi na ndege wake. Samaki ndiyo kwanza nimemtoa magamba, saa ikalia.

Alisikitika kweli, lakini alama zilikuwa za maelezo ya mapishi, na samaki wangu hakufika jikoni. Nikapata sapu, nirudie mtihani ule kabla ya mwaka mpya wa masomo. Nikianguka tena, narudia mwaka mzima.

Nikampigia Bibi nikiwa nimefura, nikamwambia salamu zake zimeniponza, nikamsimulia mpaka mguu wa mama wa mwalimu. Yeye akauliza:

"Huyo mama yake, mguu umepona?"

Nikamkatia simu. Sikuwa nimewahi kumfanyia hivyo tangu nizaliwe, na niliona aibu mpaka nikalia. Hata hivyo sikumpigia tena. Kiburi kilikuwa changu, si cha Bibi.

Siku ya kurudia nilijiapia kwamba sitajuliana hali na mtu. Mwalimu alikuwa yuleyule. Nikaingia, nikampa salamu ya neno moja, nikarukia samaki. Akainua mkono kunisimamisha, akailaza saa kifudifudi.

"Bibi hajambo?" aliniuliza kwa Kifaransa chake cha polepole. "Na ndege mwaka huu walikuwaje?"

Nikamjibu kwamba Bibi hajambo, ingawa kwa kweli sikuwa najua, maana wiki tatu nilikuwa nimemnunia. Kisha nikamuuliza mama yake. Akasema alikwenda kumwona, mguu umepata nafuu, sasa anatembelea fimbo na sokoni anafika. Tulipomalizana ndipo akaiinua saa na kuanza kuhesabu dakika zangu kumi, na safari hii samaki waliiva kwa wakati.

Nikampigia Bibi nikiwa bado kwenye ngazi za darasa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mama." Sauti yake haikuwa na kinyongo hata kidogo.

Nikataka kuanza na mtihani, akanikatiza.

"Mguu je?"

"Una nafuu, Bibi. Anafika mpaka sokoni."

Akamshukuru Mungu, nikamsikia anamwita jirani amweleze. Habari za mtihani wangu aliniuliza kesho yake.