Mama Mapasa wa Mtoto Mmoja

Nilizika mtoto mmoja. Watu wakaja kunidai wawili.

Mimi ni mchimbaji wa madini huko Mutoshi, naishi mtaa wa Kapata na mke wangu Noëlla. Miaka saba hatukupata mtoto. Mama yangu, Mama Adolphine, hakumwita hata kwa jina. "Ule bibi yako," ndivyo alivyosema.

Kisha mimba ikaja. Mwezi wa sita, tumbo lilikuwa kama la mwezi wa tisa.

"Aba ni mapasa!" Mama akapiga vigelegele kwa ajili ya hao mapacha. Akampaka Noëlla pemba, ule udongo mweupe wa baraka, kwenye paji la uso.

Tangu siku ile akawa Mama Mapasa. Jirani akileta sombe, mboga ya majani ya muhogo: "Kula, Mama Mapasa, muko batatu!" Nikipita mimi, wananitania: "Tata Mapasa, ulifanya namna gani? Tufundishe na sisi!"

Noëlla alicheka. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo mbele ya Mama.

Uchungu ulipomshika, tulienda kituo cha afya cha karibu. Wanawake wa mtaa wakakaa uani kuimba nyimbo za mapasa, zile za matusi ya furaha.

Ndani, kichwa kilitoka.

Mabega yakagoma.

Mkunga alimkunja Noëlla miguu, akamkandamiza juu ya kinena, akamgeuza, akamwita Mungu kwa sauti. Nje wanaimba.

Alikuwa wa kike. Mzuri, mnene, kilo tano na zaidi.

Hakulia.

"Na ule mwingine?" Mama akauliza mlangoni.

"Hakuna mwingine, mama."

Mama hakuamini.

Wiki ileile shimo letu likagonga shaba nzuri. Huku kwetu, mtu akipata madini ghafla, watu huuliza amelipa nini, yaani amemtoa nani kafara.

Siku ya kumaliza kilio, mjomba Kanku akasimama. "René, mutoto wa pili ulimupeleka wapi? Ulimuuzisha mu shimo?"

"Tonton, alikuwa moya."

"Unatuona sisi batoto? Tumbo ile yote, mutoto moya?"

Nje ya ua, vijana walikuwa wameshaleta matairi na petroli ya kunichoma.

Nilimtazama Mama. Akaangalia chini.

Ndipo Noëlla akatoka chumbani, ameshika ukuta.

"Mumuache. Mi nilijua."

Watu wakamgeukia.

"Nilienda kwa munganga ku Manika, balinipima na mashini ya kuonyesha tumbo. Balisema mutoto ni moya, ni mukubwa sana. Niko na sukari mu damu, ndiyo inamunonesha. Niende ku hopitali kubwa, batanipasula. Sikusema."

"Juu ya nini?" Mama akanong'ona.

"Juu uliniita mama. Niliogopa utaacha."

Vijana wakaondoka mmoja mmoja. Mimi nikabaki hai. Jioni ileile, midomo iliyonishtaki ikahamia kwa Noëlla.

Mimi simhukumu. Wala Mama hamhukumu. Mama alikaa chini karibu naye, akaanza kumwosha miguu.

Ndugu zangu, tumbo kubwa si lazima liwe mapasa. Mke apimwe, na uende naye, msikie pamoja. Na umheshimu kabla hajazaa, ili akiambiwa jambo zito asiogope kulileta nyumbani.