Nilileta Bahari Mdomoni mwa Mto Kuja

Kosa ni langu. Silishiriki na upepo, wala nahodha, wala Shetani. Nililipanga mwenyewe, kwa kalamu, nikalipigia mstari chini.

Mjomba wangu alifariki kwao Mfangano, kisiwani ziwani. Mama yangu ndiye aliyebaki katika tumbo lao, na alikuwa na ombi moja tu: amwone kaka yake uso kabla jeneza halijafungwa. Mazishi yalikuwa Ijumaa, saa nane mchana. Sisi tunaishi Nyatike, chini ya Macalder.

Mama alisema, "Twende Kisegi kwa gari, tuvuke pale kama watu wote."

Kama watu wote! Mimi? Mimi niliyeishi Kilifi miaka mitatu, nikajifunza bamvua na maji mafu, bahari inapojaa sana na inapojaa kidogo? Nilimwambia barabara ina vumbi, na mwombolezaji hastahili vumbi. Tungeteremka Mto Kuja kwa boti, tutokee ziwani polepole kati ya mafunjo, mama akimkumbuka kaka yake kwa utulivu. Lo, jinsi nilivyoipenda picha hiyo! Mama hakuwemo ndani yake. Nilikuwemo mimi, nikimtazama mama.

Basi nikapanga safari. Nilitafuta kwenye simu saa za maji kujaa na kupwa. Zilikuwa za Mombasa. Nikasema maji ni maji, nikaongeza dakika arobaini kwa sababu ya umbali. Kisomo hicho! Karatasi ikasema: kuondoka saa nne asubuhi, maji yakijaa.

Nahodha wetu, Odoyo, amepita mdomo wa Kuja tangu utotoni. Aliishika ile karatasi kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

"Omera, ndugu yangu, ziwa halijai wala kupwa. Hapa ni upepo tu. Alfajiri unatoka nchi kavu, unasukuma magugu maji mbali. Saa tano unageuka, unayarudisha yote. Mdomo unafungwa. Tuondoke saa kumi na mbili."

"Nimeishi Kilifi," nikamjibu.

"Kilifi kuna magugu?"

"Kuna bahari."

"Haya, Bwana Bahari. Boti umekodi wewe."

Wanawake waliokuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani, walicheka hadi wakaketi. Nikawahurumia kwa ujinga wao. Naam, mimi ndiye niliyewahurumia wao!

Asubuhi ya Ijumaa mama alikuwa amevaa saa kumi na moja. Alikaa kwenye kiti, mkoba mapajani, akanitazama nikinywa chai. Tukaondoka saa nne kamili. Wagonjwa wa kiburi hawachelewi.

Kwa saa nzima mto ulikuwa mzuri mno. Ndege weupe, mafunjo yakiinama, nami nikimwonyesha mama hiki na kile kana kwamba yeye ni mgeni. Kisha tukafika mdomoni, na ziwa halikuwepo. Kulikuwa na shamba! Kijani kibichi, maua ya zambarau, magugu yamesukumana hadi huwezi kuona tone la maji. Na upepo ukizidi kuyaleta.

Odoyo alizima injini kabla mizizi haijanasa panga lake linalozunguka majini.

"Uliza karatasi," akasema.

Tulisukuma kwa mti. Tulivuta kwa mikono. Ukifungua hatua moja mbele, mbili zinajifunga nyuma. Saa saba simu ya mama ikalia. Wakauliza tumefika wapi. Saa nane ikalia tena. Saa tisa mchungaji akasema jua halingoji. Mama akasikiliza wimbo wa kaburini kwenye simu, boti ikiwa imekwama, mimi nikiwa na matope hadi mabegani na akili ikiishia hapo hapo.

Alipokata simu alinigeukia. "Nyathina, mwanangu, hebu nisomee. Imeandikwa nilie saa ngapi?"

Upepo ulipolegea magugu yaliachana, tukapita, tukafika Mfangano jua likizama. Tulikuta tuta jipya, na vijana wakirudisha viti kanisani.

Nakuomba, wewe uliyetoka ukarudi na maarifa ya kwingine: kabla hujapanga njia ya maji, nenda ufukweni umuulize aliyetoka majini asubuhi hiyo. Akikuambia saa kumi na mbili, usimtajie mji uliowahi kuishi. Panda boti! Na kama aliyefiwa amekwisha kukuambia njia anayoitaka, funga mdomo ubebe mkoba wake.

Mama hajanilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningepona. Yeye huwauliza tu waliokuwepo alivyolazwa mjomba. Mmoja anasema alivaa suti ya kijivu, mwingine anasema nyeusi. Mmoja anasema uso ulikuwa umekonda, mwingine anasema alikuwa kama anacheka. Mama huwasikiliza wote, anashukuru, kisha siku nyingine anauliza tena.