Usimgonge Mtoto Kidevu

Naikumbuka Sabato moja, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Tulikuwa tumetoka kanisani, tumekaa jikoni kwa mama mkwe wangu karibu na Nyakoe, tunakula ugali wa wimbi na mboga za chinsaga. Binti yangu Kemunto alikuwa na miaka mitano. Mdomo wake ulikuwa wazi mchana kutwa, na akilala alikoroma kama mzee. Wanawake kanisani walikuwa wamemtazama mate yakimlowesha gauni, nami nikaona haya. Nikamgonga kidevu. "Funga mdomo!" Nilikuwa nimemgonga hivyo mwaka mzima. Samaki mkunje angali mbichi, si ndivyo tunavyoambiana? Basi mimi nilikunja.

Mama mkwe hakupaza sauti. Alinawa, akanibana pua kwa vidole viwili, nami nina tonge mdomoni.

"Haya, Mama Kemunto, na wewe funga mdomo. Tafuna."

Nilijaribu. Pumzi ilinishinda kabla ya tonge. Akaniachilia, akasema, "Huyu mtoto pua yake haipitishi hewa. Unampigia nini?"

Jumatatu sikwenda kuchuma chai. Nilimpeleka kwa daktari mjini Kisii, akakuta nyama za nyuma ya pua zimevimba na kuziba njia. Akanieleza kwamba mtu akitulia, midomo hufungwa, ulimi hupumzika juu kwenye kaakaa, nyuma kidogo ya meno ya mbele, naye hupumua kwa pua. Mtoto aliyezibwa pua hana hiari. Hufungua mdomo, ulimi unashuka, na hali hiyo ikiendelea miaka, taya la juu laweza kukua jembamba na meno yakakosa nafasi.

Alitibiwa, akaanza kulala kimya. Lakini meno ya ukubwani yalipoota yalipandana, na hadi leo, naye ni mama wa watoto wawili, akitafuna mahindi ya kuchoma hushika taya. Daktari hakusema kosa ni langu. Mimi ndiye ninayesema, na nimechoka kulisema.

Mwaka jana mimi na Kemunto tulikuwa tunamenya ndizi, akaniambia, "Mama, nilikuwa nikikuona unaniangalia, nafunga mdomo, nazuia pumzi mpaka ugeuke." Alicheka. Mimi niliweka kisu chini.

Na nyinyi vijana mnaosukuma ulimi juu kwa nguvu, eti simu imewaambia taya litachongoka, hebu pumzikeni. Ulimi hulazwa tu, haupigani na mtu.

Mwanangu, ukimwona mtoto mdomo wazi, anakoroma, usianze na mkono. Angalia kwanza kama pua inapitisha hewa, kisha mpeleke kwa daktari mapema, wala usiogope macho ya kanisani. Kuuliza si ujinga; ujinga ulikuwa wangu mimi niliyepiga kabla ya kuuliza. Mungu akupe subira niliyoikosa, na watoto wako wapumue bila kukuogopa.