Bia Iliyofufuka Nyakabiga

Afadhali nisimulie mwenyewe, maana Nyakabiga nzima inasimulia tayari na kila mmoja anaongeza povu lake: siku ya komunyo ya kwanza ya binti yangu nilimwogesha bia kaka wa mke wangu, mbele ya wageni wote, akiwa ndani ya suti ya kijivu.

Nilikuwa nimetengeneza bia nyumbani (msomi akikaribia miaka hamsini lazima apate ugonjwa fulani, wangu ndio huo), nikaitia kwenye chupa na sukari kidogo ili hamira iliyobaki iile na kutoa gesi, kisha, kwa kuogopa joto la Bujumbura, nikazisukuma zote kwenye friji siku hiyohiyo. Hamira ikalala kabla ya kutoa gesi. Shemeji alipopita kuonja, aliweka glasi chini taratibu kama mtu anayetoa pole.

"Shemeji, hii bia imekufa. Tununue makreti, hii tuizike."

Nikaapa kwamba kwenye sherehe yangu haitaingia hata chupa moja ya dukani. Na badala ya kuzitoa chupa kwenye baridi na kusubiri tu, nikazifungua zote, nikaongeza kijiko cha sukari kila moja (nyingine viwili, kwa hasira), nikazifunga upya na kuzipanga stoo, chini ya mabati yanayochomwa na jua.

Asubuhi ya sherehe nilijaribu moja uani, nikabaki na chupa tupu na ukuta uliolowa. Dawa ilikuwa kuzipunguza gesi kabla wageni hawajafika, lakini huku kwetu nani atakunywa chupa ambayo hakuiona ikifunguliwa? Ukimletea mgeni chupa iliyofunguliwa jikoni, umemtukana, au umemtisha. Nikajidanganya kwamba ile ilikuwa ya vijiko viwili.

Basi wageni walipoketi chini ya turubai, nikamwendea shemeji, wa kwanza kwa heshima yake, nikabandua kifuniko. Bia ikapiga turubai, ikarudi, ikamkuta mdomo wazi. Akajifuta macho, akalamba masharubu.

"Eh! Imefufuka!"

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Mke wangu akaninong'oneza, "Mi natuma mutu dukani."

"Apana! Niletee barafu."

Nikazizika chupa zote kwenye beseni la barafu (baridi ileile iliyoniponza sasa nikaiangukia miguuni), nikawaomba wageni waanze na wali. Zilipopoa sawasawa nilizifungua hadharani, nikiinua kifuniko kidogo tu, pss, nakibana, naachia tena, na kwa kila pss wageni wanaitikia "Amina!" kwa sauti ambayo kanisani asubuhi hawakuwa nayo. Ikamiminika ya dhahabu, na povu jeupe juu kama shela ya binti yangu. Shemeji akanywa, akafumba macho, akavua koti lililolowa na kulitundika kwenye kiti.

"Shemeji, ongeza. Hii tusizike."

Hakuna aliyetumwa dukani. Bia iliisha kabla ya nyama, jambo ambalo katika ukoo wa mke wangu halijawahi kutokea.

Bia iliyolala sitaiamsha tena kwa sukari, nimekoma. Chupa moja tu ilikuwa imesahaulika chini ya barafu, ya vijiko viwili, na shemeji ndiye aliyeondoka nayo, kaizungushia koti lake, kaishika mbali na kifua kama mtoto wa watu ambaye bado hajavalishwa nepi.